Je, Tumweke Mwenye Ulemavu Katika Picha ya Wafanyakazi?



Inapofika mwezi wa Oktoba, biro nyingi za makanisa yetu huanza kutayarisha kalenda ya mwaka unaokuja. Mwaka uliopita, katika biro moja ya kanisa huku Kivu ya Kaskazini, kamati iliamua kwamba kalenda, pamoja na bango la kutundikwa mlangoni, vionyeshe kwamba katika kazi yetu hakuna ubaguzi. Picha ingekuwa na wanawake na wanaume, vijana na wazee, watu wa makabila mbalimbali. Katika eneo ambalo ukabila umemwaga damu nyingi, picha ya namna hiyo si jambo dogo. Mimi nilikuwa ndani ya kamati hiyo.

Kisha mmoja wetu akauliza: "Na mama mtunza hesabu, tumweke?"

Mama huyo anatembea kwa magongo tangu utoto wake, juu ya polio. Mjadala ulichukua saa nzima. Mzee mmoja wa kanisa alisema: "Tusimweke. Watu watasema tunaomba misaada kwa mguu wake." Ndugu mwingine akajibu: "Tumweke mbele kabisa. Washirika wetu wa ng'ambo wanapenda mambo hayo." Mimi nikashauri apigwe picha akiwa ameketi nyuma ya meza, magongo yasionekane, ili tusimwaibishe. Nilidhani nimepata njia ya katikati.

Wakati huo mama mwenyewe alikuwa katika chumba cha pili, akimaliza hesabu za mwezi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza.

Nimeifikiria sana saa ile. Swali lenyewe ni la haki, na mashule, hospitali na biro zetu zitakutana nalo kila mara zinapotaka kujionyesha kwa watu. Ninataka kueleza hapa namna ya kulijibu.

Kumwacha mtu nje ya picha nako ni kusema

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na ulemavu wa maana. Wengine tunawaona: aliyepooza mguu, aliyepoteza mkono katika vita, kipofu. Wengine hatuwatambui kwa macho: asiyesikia, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili. Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika, na ajali moja ya pikipiki inatosha kutufundisha maana yake.

Watu hawa wanatumika. Aliyewahi kupita mpaka wa Goma na Gisenyi amewaona wafanyabiashara wenye ulemavu wakivusha mizigo juu ya vigari vya magurudumu matatu. Basi kama bango letu linasema "sisi wote" na hakuna hata mmoja wao, kijana asiyesikia aliyemaliza masomo yake atalisoma vizuri sana. Ataelewa kwamba pale si mahali pake, na hataandika barua ya kuomba kazi. Hatutajua kamwe kwamba tulimfukuza, kwa sababu hakufika.

Sheria ya nchi pia inatuhusu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wanaoishi na ulemavu haki ya kulindwa kwa njia za pekee, na inaiagiza Serikali kuendeleza uwepo wa watu wenye ulemavu katika taasisi za taifa, za jimbo na za mahali. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 27 cha mkataba huo kinahusu kazi, na kifungu cha 8 kinataka watu wafundishwe kutambua uwezo wao na mchango wao mahali pa kazi. Halafu tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ilipata sheria yake yenyewe, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki zao. Kwa hiyo kumwonyesha mfanyakazi mwenye ulemavu ni jambo la haki. Lisichukuliwe kama sadaka.

Lakini picha inaweza pia kuumiza

Katika makanisa yetu tumezoea picha mbili za mwenye ulemavu. Ya kwanza ni ya mwombaji aliyeketi mlangoni, kama yule wa Matendo 3. Ya pili ni ya mtu anayewekewa mikono ili asimame na kutembea. Sikatai kwamba Mungu anaponya. Lakini tazama kwamba katika picha hizo zote mbili mtu hana kazi, na wengine ndio wanaotenda juu yake. Kuna pia picha ya tatu iliyofichwa moyoni, ile ya wanafunzi katika Yohana 9, waliouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Bwana Yesu alikataa swali hilo, lakini mpaka leo linaulizwa nyuma ya migongo ya watu.

Ndiyo sababu mzee wetu aliogopa, na hofu yake haikuwa ya bure. Mguu wa mtu unaweza kutumiwa kutafuta pesa.

Lakini dawa yake si kuficha magongo kama nilivyoshauri. Soma tena 2 Samweli 9. Mefiboshethi aliletwa kutoka Lo-debari, akarudishiwa mashamba ya babu yake Sauli, akawa akila mezani pa mfalme siku zote. Mstari wa mwisho wa sura hiyo unataja meza na miguu pamoja: alikula mezani pa mfalme, naye alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Biblia haikuificha miguu yake, wala haisemi kwamba alipona. Kilichobadilika ni mahali pake pa kukaa.

Hapa Kongo tunao mfano wa karibu. Kikundi cha muziki Staff Benda Bilili kilizaliwa katika mitaa ya Kinshasa, na wengi wa wanamuziki wake walikuwa wamepooza miguu juu ya polio. Jina lenyewe, kwa Kilingala, linatuita kutazama zaidi ya sura ya nje. Albamu yao ya 2009 na filamu ya 2010 iliyofika Cannes viliwapeleka mbali. Watu waliona vigari vyao na gitaa zao kwa pamoja, na waliokuja kuwasikiliza walikuja kusikiliza muziki.

Maswali matatu kabla ya kupiga picha

La kwanza: Je, mtu huyu anatumika kwetu kweli? Picha ya wafanyakazi ni ushuhuda, na ushuhuda wa uongo umekatazwa katika amri kumi. Kumwazima mtu mwenye kigari barabarani, kumpiga picha na kumrudisha barabarani, ni kusema uongo kwa kutumia mwili wake. Kama hakuna mwenye ulemavu katika biro yenu, msitafute picha. Andikeni wazi katika tangazo la kazi kwamba watu wenye ulemavu wanakaribishwa, halafu mchunguze kwa nini hawajafika.

La pili: Je, ameulizwa, na anaweza kukataa? Katika Marko 10, kila mtu aliona kwamba Bartimayo ni kipofu, lakini Yesu alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Tukumbuke pia kwamba mfanyakazi anayeulizwa na mkubwa wake hana uhuru mwingi. Ni vizuri aulizwe na mtu asiyeshika mshahara wake, apewe siku chache za kufikiri, na akikataa lisisemwe neno. Na yule ambaye ugonjwa wake hauonekani, siri yake ni yake. Tusimtoe hadharani ili kalenda yetu ipendeze.

La tatu: Je, mlango wetu unafanana na picha yetu? Mkataba ule wa Umoja wa Mataifa unataka mahali pa kazi parekebishwe kadiri inavyowezekana ili mtu aweze kutumika: mlango, choo, meza, namna ya kuendesha mkutano kwa asiyesikia. Kuwaalika walemavu ibadani tarehe 3 Desemba, siku yao ya kimataifa, ni vizuri. Lakini tarehe 4 wakija kuomba kazi, je, wataweza kuingia?

Yaliyotokea kwetu

Siku iliyofuata tulienda kumwuliza mama, na tukamwomba radhi kwa kumjadili bila yeye. Alitutazama, akasema: "Pasta, munataka picha ya mguu wangu ao ya kazi yangu?"

Tukamjibu kwamba tunataka ya kazi yake. Akasema: "Basi magongo yaonekane, maana ndiyo yananileta kazini kila siku. Lakini miaka sita ninapanda ngazi nne za mlango huu, na siku ya mvua mlinzi ananishika mkono. Mtu akiona picha yangu akaja na kigari chake, atafika wapi?"

Miaka sita, nami nilikuwa ninapita kwenye ngazi hizo hizo bila kuziona.

Haikuwa rahisi. Kalenda zinauzwa, na mapato yake yanasaidia kazi ya kanisa, kwa hiyo wengine walinung'unika tulipopunguza idadi yake ili tununue simenti, mchanga na kumlipa fundi. Kalenda zilichelewa hadi Januari. Lakini mteremko ulijengwa, na leo wanaupitia pia wazee wetu na mama wajawazito. Katika picha, mama yuko kazini na daftari lake la hesabu, magongo yameegemezwa kwenye meza. Choo bado. Tumekiandika katika bajeti ya mwaka huu, naye ndiye anayetukumbusha, kwa kuwa bajeti hiyo inapita mikononi mwake.

Ndugu mpendwa, kama wewe ni mkubwa wa biro, shule ao hospitali ya kanisa, kabla ya kumwita mpiga picha, nenda ukamketie mfanyakazi wako mwenye ulemavu na umwulize. Kisha toka nje, simama mbele ya mlango wako, uhesabu ngazi.

Bwana awabariki.