Friulano: mvinyo wa Italia uliopoteza jina na kubaki na ladha yake

Hadi tarehe 31 Machi 2007, mvinyo mweupe maarufu wa jimbo la Friuli Venezia Giulia, kaskazini mashariki mwa Italia, uliuzwa kwa jina la Tocai Friulano. Kuanzia siku iliyofuata, neno Tocai lilipigwa marufuku kwenye chupa, na mvinyo huo ukabaki na nusu ya jina lake: Friulano. Zabibu ni zile zile, vilima ni vile vile na wakulima ni wale wale. Kilichobadilika ni neno moja, ambalo Italia na Hungaria zilivutana juu yake kwa miaka mingi.

Kwa nini Hungaria ililidai jina hilo?

Tokaj ni mji na eneo la mashamba ya mizabibu nchini Hungaria. Mipaka ya mashamba hayo iliwekwa kwa amri ya kifalme mwaka 1737, UNESCO ililiingiza eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2002, na hata wimbo wa taifa wa Hungaria unalitaja. Mvinyo wake mashuhuri ni mtamu mfano wa asali, nao hutokana na zabibu zilizoachwa mzabibuni hadi zikasinyaa kwa ukungu wa aina maalumu.

Mvinyo wa Friuli ni kitu kingine kabisa. Hauna utamu wa sukari, na hutengenezwa kwa zabibu ambazo wataalamu wanazitambua kuwa ni za aina ya sauvignonasse, yenye asili ya Ufaransa. Majina hayo mawili yalifanana kwa matamshi tu. Sokoni, hata hivyo, fahali wawili hawakai zizi moja.

Mahakama iliamua nini?

Mwaka 1993 Jumuiya ya Ulaya ilitiliana saini na Hungaria mkataba wa kulinda majina ya mvinyo, na Waitalia wakapewa muda hadi Machi 2007. Jimbo la Friuli Venezia Giulia lilipinga, na shauri likafika katika Mahakama ya Haki ya Ulaya. Katika uamuzi wake wa tarehe 12 Mei 2005, mahakama ilieleza kwamba Tokaj ni jina la mahali, ilhali Tocai ni jina la aina ya zabibu tu. Kwa hiyo halikustahili ulinzi ule ule. Aidha, wakulima hawakunyang'anywa mali yao, kwa kuwa waliruhusiwa kuendelea kuuza mvinyo wao kwa jina jingine.

Unanyweka na chakula gani?

Friulano hunywewa ukiwa umepoozwa hadi nyuzi 10 au 12 hivi. Ukiwa baridi kupita kiasi, harufu yake hujificha. Una harufu ya pea na majani mabichi, ukali wake ni wa wastani, na mwishoni huacha uchungu mwepesi wa lozi. Uchungu huo ndio unaoufanya uelewane na vyakula vyenye chumvi na mafuta.

Mwenzake wa jadi ni paja la nguruwe la San Daniele, linalotiwa chumvi ya bahari na kukaushwa kwa muda usiopungua miezi 13. Kwa wasiokula nguruwe, meza ya Friuli ina mengi mengine. Kuna frico, chapati nene ya jibini la Montasio na viazi, inayokaangwa hadi iwe ya rangi ya dhahabu na kuliwa pamoja na polenta, ambayo mla ugali ataitambua mara moja. Kuna pia samaki wa Bahari ya Adriatiki. Majira ya kuchipua huleta asparaga nyeupe na mayai ya kuchemsha. Asparaga huharibu ladha ya aina nyingi za mvinyo, lakini harufu ya majani iliyomo katika Friulano huipokea vyema.

Majirani walifanyaje?

Vilima vinavyozalisha mvinyo huu vimegawanywa na mpaka uliochorwa mwaka 1947: upande wa Italia vinaitwa Collio, upande wa Slovenia vinaitwa Brda. Slovenia nayo ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, ilifungwa na sheria hiyo hiyo. Baadhi ya wakulima wa mpakani waliamua kuandika Jakot kwenye chupa zao: ni neno Tokaj likisomwa kinyumenyume.

Italia nayo ilijifunza somo. Mwaka 2009 iliipa zabibu ya prosecco jina jipya, glera, na kulifunga jina Prosecco kwenye ardhi. Kijiji chenye jina hilo kipo karibu na Trieste, katika jimbo lile lile lililoshindwa mahakamani. Mwaka 2021 Tume ya Ulaya ilipochapisha ombi la Croatia la ulinzi wa mvinyo wake mtamu wa kijadi uitwao prošek, Italia ililalamika kwamba matamshi yanafanana mno. Hoja iliyoinyima Tocai ndiyo iliyoitumia sasa dhidi ya jirani yake.