Mtoto anayefungua redio nyumbani: Simulizi ya kijana wa shamba la viazi aliyetuletea TV

KATIKA nyumba nyingi yupo mtoto mmoja wa namna hii. Ukinunua rimoti mpya leo, kesho betri ziko juu ya kochi na mfuniko haujulikani ulipo. Feni iliyoharibika ukiiweka stoo, wiki haiishi utakuta mota yake imetolewa. Mama anamwita mharibifu, baba anaahidi viboko, na bibi anasema ni utundu tu, utapita.

Ukifika Mbezi Luis, kwenye vibanda vya mafundi pembeni ya Barabara ya Morogoro, mwulize fundi yeyote wa TV au king'amuzi alianzaje kazi hiyo. Usishangae akikujibu kwamba alianza kwa kuharibu redio ya baba yake.

Makala haya yanamhusu mtoto mmoja wa aina hiyo. Aliitwa Philo Farnsworth, mhandisi wa Marekani ambaye wazo lake lilichangia sana kuleta televisheni tunayoijua. Maisha yake yana mafundisho mengi kwa mzazi, na si yote yanayofurahisha.

Mashine ya kufulia ya mama

Farnsworth alizaliwa Agosti 19, 1906, katika mji mdogo wa Beaver, jimbo la Utah. Familia yake ilikuwa ya wakulima, na nyumba aliyozaliwa ilijengwa kwa magogo. Akiwa na miaka kama 12, familia ilihamia shamba lingine karibu na mji wa Rigby, jimbo la Idaho.

Huko ndipo alipokutana na umeme. Shamba lilikuwa na jenereta, na kwenye dari ya nyumba walikuta rundo la majarida ya sayansi yaliyoachwa na waliotangulia. Mtoto akawa anayasoma usiku. Jenereta ilipokuwa ikiharibika, alikuwa akiifungua na kuitengeneza mwenyewe. Kisha akachukua mota mbovu, akaifufua na kuifunga kwenye mashine ya kufulia ya mama yake, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikizungushwa kwa mkono. Akiwa na miaka 13 alishinda dola 25 katika shindano la jarida moja, kwa kubuni kufuli la gari.

Zingatia jambo moja. Wazazi wake hawakuwa wasomi wa umeme na hawakuwa na fedha za kumlipia mwalimu wa ziada. Walichofanya ni kumwachia nafasi ya kujaribu.

Matuta ya shamba

Mwaka 1921, akiwa na miaka 14, alikuwa akilima kwa jembe la kukokotwa na farasi. Alipogeuka kutazama nyuma akaona mistari ya udongo imenyooka, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa shamba. Hapo likamjia wazo: picha nayo inaweza kukatwa mistari hivyohivyo, ikatumwa mstari mmoja baada ya mwingine, kisha ikaunganishwa upande wa pili kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuigundua.

Kukata picha mistari hakukuwa jambo jipya. Wahandisi wa wakati huo walikuwa wakifanya hivyo kwa sahani yenye matundu inayozunguka kwa mota. Kwa njia hiyo, John Logie Baird wa Scotland alionyesha picha zinazotembea jijini London Januari 26, 1926. Lakini picha zake zilikuwa na mistari 30 tu, na sahani ina kikomo cha kasi. Farnsworth aliona kwamba kazi ya sahani inaweza kufanywa na miale ya elektroni ndani ya chupa ya kioo isiyo na hewa, bila kitu chochote kinachozunguka. Ndiyo njia iliyokuja kutumika kwenye zile TV za chogo tulizokua nazo.

Kijana hakumweleza wazo hilo mtu mkubwa wa serikali wala kampuni. Alimweleza mwalimu wake wa kemia, Justin Tolman. Alichora ubao mzima kwa chaki, akampa pia mchoro kwenye karatasi. Tolman hakumwambia arudi kwenye somo la siku hiyo. Alimsikiliza, akamuuliza maswali, na alikuwa akitenga muda wake kumfundisha zaidi nje ya vipindi. Miaka zaidi ya kumi baadaye, kumbukumbu ya mwalimu huyu ingekuwa na thamani kubwa kuliko fedha.

Mstari mmoja kwenye kioo

Januari 1924 baba yake alifariki kwa nimonia. Farnsworth alikuwa na miaka 17. Alikuwa na ndoto ya chuo kikuu, lakini masomo yake yalikatika kwa sababu familia ilihitaji msaada. Alifungua duka la kutengeneza redio na rafiki yake Cliff Gardner. Halikudumu.

Akaajiriwa na wachangishaji fedha wawili, George Everson na Leslie Gorrell. Alipowasimulia wazo lake, walimpa dola 6,000 ili ajaribu. Mwaka 1926 alimuoa Elma Gardner, dada yake Cliff, aliyejulikana kwa jina la Pem.

Maabara yao ya San Francisco ilikuwa kama biashara ya familia. Cliff alijifunza mwenyewe kupuliza vioo ili atengeneze zile chupa. Pem alichora michoro na kuunganisha vipande kwa kuchomelea. Septemba 7, 1927, katika jengo namba 202 la Mtaa wa Green, waliweka picha ya mstari mmoja mbele ya kamera. Katika chumba kingine, mstari ukaonekana kwenye kioo. Cliff alipougeuza, nao ule wa kwenye kioo ukageuka. Farnsworth alikuwa na miaka 21.

Kesi na kampuni kubwa

Agosti 1930 alipewa hataza, yaani hati inayolinda uvumbuzi. Mwaka huohuo mhandisi maarufu Vladimir Zworykin alitembelea maabara yake. Kampuni ya RCA, aliyokwenda kuifanyia kazi Zworykin, baadaye ilitaka kununua kila kitu kwa dola 100,000. Farnsworth akakataa. RCA ikadai kwamba Zworykin ndiye aliyetangulia, kwa sababu aliwasilisha maombi yake mwaka 1923.

Farnsworth angethibitishaje kwamba alikuwa na wazo hilo kabla ya 1923, wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sekondari? Mawakili wakamtafuta mwalimu Tolman. Naye akatoa ushahidi, na kuonyesha mchoro wa kile kijana alichomweleza darasani. Hatimaye Ofisi ya Hataza ya Marekani iliamua kwamba Farnsworth ndiye mwenye haki. Mwaka 1939 RCA ikakubali kumlipa dola milioni moja kwa awamu ili itumie uvumbuzi wake.

Laiti simulizi ingeishia hapo. Lakini Machi 1932, katikati ya mapambano hayo, mtoto wao Kenneth alifariki akiwa bado mdogo. Vita Kuu ya Pili ilisimamisha utengenezaji wa TV kwa matumizi ya nyumbani, na vilipokwisha, muda wa hataza zake kuu ulikuwa ukingoni. Afya yake ilidhoofika, akaingia kwenye ulevi, na mwaka 1947 nyumba yake ikateketea kwa moto wa msituni. Mwaka 1957 alialikwa kwenye mchezo wa TV ambao washiriki hukisia siri ya mgeni. Hakuna aliyemtambua. Alirudi nyumbani na dola 80 na katoni ya sigara.

Alifariki Machi 11, 1971. Mwaka 1990 sanamu yake iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani, baada ya kampeni iliyoanzishwa na wanafunzi wa shule ya msingi huko Utah.

Na kwetu ikafika

Alipofariki, Tanzania haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Kenya ilikuwa imeanza mwaka 1962 na Uganda 1963. Zanzibar ilizindua TVZ mwanzoni mwa 1974, na ilikuwa ya kwanza kurusha matangazo ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake, ilianza televisheni mwaka 1976.

Bara tulisubiri mpaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Kabla ya hapo, mwenye TV Dar es Salaam aliinua antena juu ya mlingoti mrefu ili anase TVZ kutoka ng'ambo ya bahari. Mtoto mmoja alipanda kuzungusha mlingoti, mwingine alisimama dirishani akipiga kelele, "Hapohapo! Umepitiliza, rudisha!" Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, tukaingia enzi ya ving'amuzi.

Mzazi afanye nini?

Kwanza ni usalama. TV ya chogo hubaki na umeme mkali ndani yake hata baada ya kuchomolewa, na inaweza kuua. Mtoto asiifungue kamwe. Asiguse pia chochote kilichochomekwa ukutani. Mpe redio mbovu ya betri, tochi, au toi lililoharibika, pamoja na bisibisi ndogo na sahani ya kuwekea nati. Kaa naye mara chache za mwanzo.

Pili, mnunulie daftari. Kila anachobuni akichore na kuandika tarehe. Katika kesi ya Farnsworth, mchoro na shahidi vilitumika kama ushahidi. Hapa kwetu hataza husajiliwa BRELA, lakini daftari lenye tarehe ni mwanzo mzuri kwa mtoto wa darasa la sita.

Tatu, mtafutie mtu wa kumsikiliza. Anaweza kuwa mwalimu wa sayansi, au fundi wa mtaani unayemfahamu vizuri na unayemwamini. Mtoto akiwa kwa fundi, mzazi ajue yuko wapi, na nani, na anarudi saa ngapi.

Nne, jua njia zilizopo. Zipo sekondari za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga. VETA wana kozi za umeme na elektroniki. DIT, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957, inafundisha uhandisi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya TEHAMA pale Kijitonyama. Wabunifu chipukizi wana mashindano ya kitaifa ya MAKISATU, na wanafunzi wa sekondari nao hushiriki.

La mwisho ni gumu zaidi. Farnsworth alishinda kesi, lakini alishindwa kupumzika. Mtoto mwenye kipaji anahitaji pia kufundishwa kulala, kula na familia, na kusema anapozidiwa. Hilo halifundishwi VETA wala DIT.

Jioni hii ukikuta rimoti imefunguliwa tena, kabla hujaita jina lake kwa ukali, mwulize kwanza: "Humo ndani umeona nini?" Kisha msikilize mpaka amalize. Baada ya hapo atafute mfuniko airudishie, maana taarifa ya habari inaanza saa mbili.