Milimita 3 ni Nyingi au Chache?

Mtu akikuambia amepata 60 kwenye mtihani, unauliza: darasa lilipataje? Sisi wa ualimu tunalisikia hilo kila siku kwenye kozi ya upimaji na tathmini. Kumbe daktari wa moyo wa watoto naye anauliza hivyohivyo.

Chukua ugonjwa wa Kawasaki, uliopewa jina la daktari Mjapani, Tomisaku Kawasaki, aliyeuandika kitabibu mwaka 1967. Huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5: homa siku kadhaa bila kushuka, macho mekundu, midomo kupasuka, vipele. Homa huisha hata yenyewe. Hatari ni mishipa inayolisha moyo, ambayo huweza kutuna kama puto. Bila matibabu, hilo humpata takriban mtoto 1 kati ya 4.

Ndiyo maana hupimwa kwa ultrasaundi. Mashine hutuma mawimbi ya sauti yanayopita mwilini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, hupokea mwangwi, kisha hukokotoa umbali kati ya kuta mbili za mshipa. Haiumi, wala haina mionzi.

Sasa, mshipa wa milimita 3 kwa kijana wa miaka 15 unaweza kuwa wa kawaida kabisa. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ni balaa. Kwa hiyo kwanza hutafutwa eneo la mwili: zidisha urefu (sentimita) kwa uzito (kilo), gawanya kwa 3,600, tafuta kipeuo cha pili. Mtoto wa sentimita 100 na kilo 16 anapata mita za mraba 0.67.

Kisha mshipa wake unalinganishwa na ya watoto wazima wa umbo hilo: toa wastani, gawanya kwa mchepuko sanifu. Ndiyo, ni Z ileile ya darasani! Chini ya 2 ni kawaida. Kuanzia 2.5, mshipa umetuna. Ikifika 10, mtoto huhitaji dawa kali za kuzuia damu kuganda.

Ila hao watoto wazima ni akina nani? Majedwali yanayotumika sana yametoka Marekani, Kanada na Japani, na mshipa uleule unaweza kupata Z tofauti kwa jedwali tofauti. Pale karibu na 2.5, tofauti ndogo tu inabadili jibu analopewa mzazi. Basi ukipewa Z, ya mtihani au ya mshipa, uliza kwanza ni darasa gani lililopimwa.