Presha tunapima, na mawazo je?

KWA familia nyingi za Mtwara, korosho ndiyo ada ya shule, bati la nyumba na mtaji wa mama. Bei mnadani ikishuka, mzigo mkubwa humwangukia mtu wa miaka 40 hadi 60: ana watoto shuleni, wazazi wazee na deni dukani.

Mtu huyu hasemi ana sonona. Atasema mgongo unamuuma, hapati usingizi, au "nina mawazo tu". Anameza dawa za maumivu, wiki zinapita.

Sonona ni ugonjwa unaotibika. Si uvivu wala upungufu wa imani. Ikiachwa, inaweza kumfikisha mtu kwenye kujiua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa hivyo kila mwaka.

Kuipima hakuhitaji damu wala mashine. Wataalamu hutumia dodoso la maswali tisa, PHQ-9, lililofanyiwa utafiti hata hapa Tanzania. Linauliza juu ya wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Umekata tamaa? Usingizi, chakula na nguvu vikoje? Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, mhusika aonwe na mtaalamu. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Akijibu ndiyo, usisubiri jumla.

Kaskazini mwa Japani, baadhi ya maeneo ya vijijini yaliwapima watu wa umri wa kati na kuwafuatilia waliobainika. Vifo vya kujiua katika kundi hilo vilipungua. Hapa kwetu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumbani wanaweza kuuliza maswali hayohayo.

Wengi huogopa kuuliza, wakidhani watampandikizia mtu wazo. Sivyo, kuulizwa kwa upole humpa nafasi ya kutua mzigo. Subiri mkiwa wawili: "Baba Asha, siku hizi hulali. Umewahi kutamani kufa?"

Akikubali, msikilize bila kumgombeza. Usimwache peke yake. Dawa na viuatilifu vifungiwe, ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Mpeleke siku hiyohiyo kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula.

Na mkienda kupima presha, ombeni apimwe na sonona.