Bosi Akisema Hana Imani Nawe Tena, Usikimbilie Kusaini

"Hatuna imani na wewe tena, funga mizigo." Wengi wetu tulioko Saudia tumeambiwa hivyo, au tumeona akiambiwa mwenzetu wa chumba kimoja. Waya zimepungua stoo, hesabu ya dizeli haikai sawa, pete ya madam haionekani. Jua halijazama, mtu kashawekewa karatasi ya Kiarabu mbele yake: saini, uende zako.

Hapo ndipo hela ya miaka inapopotea. Leo tunaeleza sheria ya kazi ya Saudia inasemaje, na saini yako ina thamani ya riyal ngapi.

Kukosa imani peke yake hakutoshi

Kifungu cha 80 cha Sheria ya Kazi kinamruhusu mwajiri kukufukuza papo hapo, bila notisi na bila kiinua mgongo. Lakini sababu zimetajwa moja moja, zikiwemo kumpiga bosi au msimamizi, kughushi karatasi ili upate kazi, kuharibu mali kwa makusudi, kutoa siri za kazi, kutoonekana kazini siku nyingi bila sababu, na tabia mbaya au kitendo cha kukosa uaminifu ambacho kimethibitika.

Shika neno hilo: kimethibitika. Bosi kukushuku si ushahidi. Tena kifungu hichohicho kinamtaka akupe nafasi ya kueleza kwa nini unapinga.

Kifungu cha 71 kinaongeza hatua: uandikiwe unachotuhumiwa, uhojiwe, utetezi wako usikilizwe, na yote yaandikwe na kuwekwa kwenye faili lako. Kuhojiwa kwa mdomo tu kunaruhusiwa kwa makosa madogo, yale ambayo adhabu yake haizidi onyo au kukatwa mshahara wa siku 1. Na kosa ambalo bosi alilijua zaidi ya siku 30 zilizopita hawezi kulifufua leo akakushtaki nalo.

Tupige hesabu

Chukua fundi wa umeme anayelipwa riyal 2,400 kwa mwezi, kafanya kazi miaka 4.

Akiachishwa na mwajiri nje ya Kifungu cha 80, kiinua mgongo ni nusu mshahara kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo. Yaani 1,200 mara 4: riyal 4,800.

Akisaini barua ya kujiuzulu, kwa kuwa yuko kati ya miaka 2 na 5, anapata theluthi moja tu: riyal 1,600. Angekuwa chini ya miaka 2, asingepata kitu.

Akifukuzwa kwa Kifungu cha 80 na kosa likathibitika: sifuri. Hata hivyo mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo ambayo hajaichukua bado ni haki yake.

Sasa mmeona kwa nini wengine wanasukumiwa barua ya kujiuzulu "ili yaishe kwa heshima". Heshima hiyo inamgharimu fundi wetu riyal 3,200. Na kama sababu ya kufukuzwa ikionekana si halali, Kifungu cha 77 kinampa fidia juu ya kiinua mgongo: mshahara wa muda uliobaki kwenye mkataba, usiopungua miezi 2, isipokuwa mkataba wenyewe umetaja fidia nyingine.

Siku hiyo ufanye nini

Kwanza, usisaini barua ya kujiuzulu, wala karatasi inayosema umeshapokea haki zako zote wakati hujazipokea. Ukibanwa usaini kwamba umepata barua, andika pembeni "nimepokea tu, sikubali", weka tarehe, piga picha.

Pili, omba tuhuma kwa maandishi. Wakigoma, tuma maelezo yako kwa WhatsApp ili tarehe ibaki.

Tatu, endelea kwenda kazini mpaka upewe barua. Ukizuiwa getini, piga picha na umwandikie msimamizi palepale. Ukilala tu chumbani, kesi ya waya inageuka kesi ya utoro.

Nne, angalia makato. Ukiharibu au kupoteza kifaa kwa kosa lako, bosi hawezi kula mshahara mzima: makato hayazidi mshahara wa siku 5 kwa mwezi.

Tano, usichelewe. Kupinga adhabu kuna siku 15 bila kuhesabu sikukuu, na madai ya haki zako yasipite miezi 12 tangu kazi iishe. Unaanzia kwenye suluhu ya Wizara ya Rasilimali Watu, simu 19911. Mkishindwana, shauri linakwenda mahakama ya kazi.

Dada zetu wa majumbani

Hapa tuwe wakweli. Sheria hiyo ya kazi haiwahusu wafanyakazi wa ndani. Nyie mna kanuni zenu na mkataba wa Musaned. Kiinua mgongo chenu ni mshahara wa mwezi 1 baada ya miaka 4 mfululizo. Kwa hiyo kinga yako kubwa ni ushahidi. Mshahara upitie benki. Ukiondoka likizo au kuhama nyumba, mwombe madam akague begi mbele yako. Ukisingiziwa wizi, usikubali kosa ili "akusamehe", na usisaini maelezo usiyoweza kuyasoma: omba mkalimani, mjulishe wakala, piga simu ubalozini. Kutoroka kwa hofu tu kunakupa kesi ya pili. Ila ukipigwa au kutishiwa maisha, tafuta usalama kwanza, polisi au ubalozi.

Mwisho, hela

Shauri linaweza kuchukua wiki au miezi, na nyumbani wanasubiri ada za shule. Asiye na akiba huchukua chochote anachopewa ili apate cha kutuma. Kwa hiyo kabla ya kutuma, bakiza kidogo kila mwezi mpaka ufikishe chakula cha miezi 2. Hiyo ndiyo itakayokupa nguvu ya kusema: "Sisaini leo, nipe nikasome."