Karibu Kilomita Milioni 100 Kutoka Duniani, Programu ya NASA Ilijam Hivi

Kama unasoma kompyuta pale Meru University ama University of Embu, kuna siku umesema programu yako iko fiti juu umeirun mara hamsini na haijakataa. Poa. Sasa cheki hii stori ya chombo kinaitwa Deep Space 1.

Lakini kwanza, shuka nami Makutano, Meru. Dere amelaza kiti steji. Makanga wake yuko Embu anakusanya abiria, na wamepatana hivi: wakijaa, ataflash mara moja tu, dere awashe gari. Dere anacheki simu, hakuna kitu. Anainama kufunga mlango, na hapo ndipo simu inalia. Haisikii. Analala bila kucheki tena. Makanga anangoja gari, dere anangoja flash. Watangojana hadi Krismasi.

Noma ni kwamba lazima simu ilie ndani ya zile sekunde mbili za mlango. Unaweza jaribu mara elfu na usiione.

Mwaka 1997, watu wa NASA walichukua Remote Agent, programu ya kuendesha chombo bila mtu, wakapitisha sehemu yake kwa Spin, kifaa cha Gerard Holzmann wa Bell Labs. Spin haibahatishi. Unaiandikia mfano mdogo wa programu, unaiambia kitu chenye hakifai kutokea, halafu inapitia kila mpangilio unaowezekana. Na si michache: programu mbili za hatua 10 kila moja zinaweza pishana kwa njia 184,756. Spin ilitoa makosa matano, mengine ya aina ya dere wetu.

Chombo kiliruka Oktoba 1998. Mei 1999 Remote Agent ikapewa usukani, na kesho yake ikajam. Lilikuwa kosa la aina ileile, lakini kwa sehemu yenye haikuwa imepitishwa kwa Spin! Majaribio yote ya kawaida hayakuwa yameligusa. Wahandisi waliisimamisha wakiwa huku chini, wakapata chanzo, na kazi ikaisha wiki hiyo hiyo.

Spin pia ina shida zake. Mfano ukikua, mipangilio inafura hadi memori inaisha, so watu huchagua zile sehemu hatari.

Sisi tulirusha Taifa-1, ilipanda na roketi ya SpaceX tarehe 15 Aprili 2023, na huko juu hakuna fundi wa jua kali. Spin ni ya bure, inarun hata kwa laptop ya mtumba. Anza na dere na makanga: andika hatua zao, uiulize kama wanaweza ngojana milele. Itakuonyesha ile sekunde ya mlango.