Je, Wajua? Kidonge cha goti hupita moyoni

Je, wajua kwamba kidonge unachokimeza kwa ajili ya goti hakijui njia ya gotini? Kikishayeyuka tumboni huingia katika damu, na damu hukipeleka kwenye figo, kwenye mishipa na kwenye moyo. Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini, meloksikamu, indomethasini, piroksikamu: zote ni ukoo mmoja, dawa zinazotuliza maumivu kwa kupunguza uvimbe. Panadol, yaani parasetamoli, haimo katika ukoo huo.

Je, wajua kwamba siri ya dawa hizi ilifichuliwa mwaka 1971? John Vane, akiwa London, alionesha kwamba aspirini, ambayo nayo ni ya ukoo huo, huzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe. Mwaka 1982 alipata tuzo ya Nobel. Tatizo ni kwamba kemikali za jamii hiyo hiyo huisaidia figo kutoa chumvi na maji, na mojawapo huzuia damu isigande ndani ya mishipa. Dawa inapoyazima maumivu, huugusa na ulinzi huo.

Je, wajua Vioxx ilikwenda wapi? Kampuni ya Merck ilianza kuiuza mwaka 1999, ikisifiwa kwamba inamhurumia mgonjwa tumbo lake. Tarehe 30 Septemba 2004 iliondolewa sokoni dunia nzima, baada ya utafiti kuonesha kwamba walioitumia zaidi ya miezi 18 walipata mshtuko wa moyo na kiharusi karibu mara mbili ya waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Je, wajua kwamba diklofenaki, ambayo ni nadra kuikosa katika duka la dawa, inafuata nyayo hizo hizo? Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet ulionesha kwamba kati ya watu 1,000 wanaoitumia kwa dozi kubwa mwaka mzima, watatu zaidi hupata tatizo kubwa la moyo au mishipa, na mmoja katika hao hufa. Mwaka huo huo Ulaya iliikataza kwa wenye maradhi ya moyo na waliowahi kupata kiharusi. Mwaka 2015 Uingereza ikazuia vidonge vyake visiuzwe bila cheti cha daktari. Na watafiti walipokagua orodha za dawa muhimu za nchi 100, waliikuta diklofenaki katika nchi 74. Naproksini, ambayo hatari yake kwa moyo ni ndogo zaidi, ilikuwa katika nchi 27 tu.

Watatu kati ya 1,000 unaweza kuwaona wachache. Lakini uchambuzi ule ule ulionesha jambo jingine linalotuhusu sana: dozi kubwa za dawa hizi, naproksini ikiwemo, zilikaribia kuongeza maradufu idadi ya wanaolazwa kwa moyo kushindwa kusukuma damu. Sasa sikiliza. Wagonjwa 427 wa maradhi hayo walipochunguzwa Muhimbili, Dar es Salaam, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, asilimia 45 yao chanzo kilikuwa presha. Kwetu sisi, basi, swali la kwanza si kama mshipa umeziba, ni presha ya mwenye goti ikoje. Dawa huifanya figo ibakishe chumvi na maji, damu huzidi mishipani, presha hupanda, miguu huvimba, na moyo uliokwisha choka huongezewa kazi.

Na hapa kwetu Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, waumwa magoti ni nani? Ni waliobeba matenga ya samaki dikoni miaka na miaka, waliosukuma vyombo vya kwendea Tumbatu, walioinama na jembe. Ukienda pwani ya mashariki utawakuta na wanawake wa mwani, kilimo kilichoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, kazi ya kuinama majini kwa saa nyingi. Mara nyingi mzee wa goti ndiye huyo huyo mzee wa presha. Ila presha yake huipeleka Hospitali ya Kivunge, na goti huliishilizia duka la dawa, kwa hiyo daktari wa presha hajui kinachomezwa usiku. Mpelekee vidonge vyote, hata vile ulivyopewa na jirani.

Je, wajua kwamba dawa hizi za maumivu hudhoofisha nguvu ya vidonge vya presha kama losartani na enalaprili, na vya kukojoza maji? Zikikutana tatu, yaani ya maumivu, ya aina ya losartani na ya kukojoza, figo zinaweza kusimama. Hatari huzidi kwa anayeharisha na kwa mzee aliyefunga akakaukiwa maji.

Je, wajua kwamba hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi inaweza kuanza wiki za mwanzo tu? Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2015. Sindano ya diklofenaki nayo ni dawa ile ile.

Kama unameza aspirini ndogo kwa ajili ya moyo, ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi yake. Muulize daktari jinsi ya kuzipishanisha.

Diclopar, ambayo mtaani ni diklopa, ni diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Ukiongeza Panadol juu yake, umeirudia parasetamoli.

Parasetamoli nayo ina mipaka: utafiti wa Edinburgh wa mwaka 2022 ulionesha kwamba gramu 4 kila siku kwa wiki mbili hupandisha presha ya wenye presha.

Je, wajua kuhusu Artri King? Iliuzwa kama kirutubisho cha viungo. Mwaka 2022 Marekani ilitangaza kwamba ndani yake mlikuwa na diklofenaki na deksamethasoni, na kibandiko hakikusema. Kirutubisho au dawa ya miti inayoondoa maumivu usiku mmoja, itilie shaka.

Mwaka 1870 Unguja ilikumbwa na kidingapopo, na daktari James Christie aliyekuwa hapa aliuandika ugonjwa huo uliokakamaza viungo. Wapo wataalamu wanaoamini ulikuwa chikungunya, maradhi yaliyotambuliwa Newala mwaka 1952. Leo tunajua kwamba homa yenye maumivu ya viungo inaweza kuwa dengi, na dengi huleta kutokwa damu. Usimeze diklofenaki wala aspirini kabla ya kupimwa.

Mafuta ya kupaka ya diklofenaki yakipakwa gotini, kinachoingia katika damu ni karibu asilimia 6 tu ya kile kinachoingizwa na vidonge. Na kila kilo moja unayoipunguza mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua.

Miguu ikivimba, uzito ukapanda ghafla, au pumzi ikakatika ukilala chali, acha kidonge cha maumivu na uende Kivunge siku hiyo hiyo. Kifua kikibana, au uso na mkono vikilegea upande mmoja, usingoje asubuhi.